Rangi ya Timu ya Mjomba

Harufu ninayoikumbuka zaidi ni ya rangi ya nguo ikichemka uani kwetu. Haikuwa harufu nzuri. Ilikuwa na ukali wa siki na chumvi, na chini yake ilifichama harufu ya vitunguu na bizari, kwa sababu sufuria iliyotumika ilikuwa ile ile ya bibi ya kupikia shughuli, na sufuria ya shughuli haisahau pilau hata uisugue kwa majivu ya namna gani. Ndani yake zilikuwa zikizama na kuibuka fulana za kaka yangu Feisal na wenzake, fulana nyeupe za ndani ambazo kila mtoto alimsumbua mama yake mpaka akapewa. Mama alizigeuza kwa mwiko mkongwe, akitugombeza tusisogee. Maji yalipokolea, alichukua kishikio chetu cha jikoni, kitambaa kirefu cha sufu chenye milia, kilichoungua ncha na kushiba mafuta ya miaka, akakikunja mara mbili na kuitua sufuria chini. Majirani walichungulia kutoka madirisha ya juu na kuuliza kuna harusi ya nani. Hapakuwa na harusi. Mama alikuwa akizitia rangi fulana za timu moja ya Uingereza, timu ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuiona katika rangi zake.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na sisi tulikaa katika nyumba ya ghorofa moja Mji wa Kale wa Mombasa, kwenye kichochoro chembamba kiasi kwamba mtu wa nyumba ya pili akipiga chafya tulimwambia rahimakallah. Baba alikuwa amenunua televisheni kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihama, televisheni kubwa ya mbao yenye milango yake, na picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Iliwekwa ukumbini karibu na dirisha la kichochoroni. Wanawake na sisi wasichana tulikaa ndani, juu ya mkeka. Wavulana wa mtaa walipanda baraza ya nje na kuning'inia kwenye nondo za dirisha kama popo. Mara moja kwa wiki ilionyeshwa mpira wa Uingereza, mechi zilizochezwa majuma mengi nyuma, lakini kwetu sisi zilikuwa zikichezwa wakati huo huo. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kioo, kwa hiyo kazi ya kushika eriali ilikuwa yangu, na chenga za picha zikizidi nililaumiwa mimi, si mitambo.

Nilikuwa na umri wa kuuliza kila kitu. Kwa nini wachezaji wanatoa moshi mdomoni na hawavuti sigara? Kwa nini jua halitoki hata siku moja? Ule uwanja una matope kiasi kile, mama zao wanazifua vipi nguo zile? Bibi, aliyedai hatazami, alikuwa akigeuza uso kila zilipoonekana zile kaptura fupi za siku hizo na kuuliza, "Hivi hawa hawana wazee wao?" Kisha dakika chache baadaye, uso ukiwa bado umegeuka, akauliza ni ngapi kwa ngapi. Mtangazaji alizungumza Kiingereza cha haraka na sisi tulikamata majina tu, tena tukayatamka kwa namna yetu. Lakini umati ule wa watu waliosimama bega kwa bega wakiimba ulinishangaza kuliko mpira wenyewe. Nilitamani kujua wanaimba nini, na nani aliwafundisha wote kwa pamoja.

Aliyekuwa na majibu ni Mjomba Athmani, mdogo wake mama. Kabla mimi sijapata akili alikuwa amefanya kazi melini, jikoni, na meli yao ilipata kukaa kwa matengenezo katika mji mmoja wa bandari kaskazini mwa Uingereza. Huko Mzungu mmoja wa gatini alimchukua kwenda kutazama mpira. Mjomba alikuwa amekwisha kuacha bahari siku hizo na alikuwa dereva wa lori, akibeba shehena kutoka bandarini kupeleka maghalani. Jioni baada ya swala aliketi barazani kwetu na kikombe cha kahawa chungu, na watoto walimzunguka. Alitueleza vitunguu vilivyokaangwa nje ya uwanja katika baridi, mpaka harufu yake ikawa inamvuta mtu kwa pua. Alitueleza jinsi kila mtu alivyosimama, na bao lilipoingia akanyanyuliwa na msukumo wa watu akashushwa ngazi tatu chini bila miguu yake kufanya kazi. Alisema waliimba kwa pamoja kama watu kwenye maulidi, mmoja anaanza na wote wanapokea. Timu ile tukaiita Timu ya Mjomba. Ilipoonekana kwenye televisheni, kichochoro kizima kilipiga kelele, na Mjomba akatabasamu kama mwenye mali.

Mtu huyu tuliyemsadiki katika mambo ya Ulaya alikuwa kichekesho kwa jambo moja tu, sokoni. Mama akimtuma Marikiti alirudi na nyanya mbichi kabisa, au ndizi ambazo zingehitaji wiki nzima kuiva. "Athmani, hizi nipike au nipande?" mama alikuwa akimwuliza. Mjomba alicheka na kusema wachuuzi wamemchezea. Baadaye akawa anawaambia wachuuzi wenyewe wamchagulie, na mama akasema huo ndio ujinga uliokamilika, kumwomba mchuuzi akuchagulie. Sote tulicheka, naye alicheka zaidi yetu.

Likizo ile Feisal na wenzake waliombwa mechi na watoto wa Makadara. Wenzetu hao walikuwa na fulana za buluu, zimefanana zote, na habari hiyo ilituumiza. Likakatwa shauri kwamba sisi tutavaa kama Timu ya Mjomba. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo hatukuwa tumewahi kujiuliza. Rangi yao ni ipi? Kwenye televisheni yetu fulana zao zilikuwa kijivu kizito, wapinzani wakiwa kijivu hafifu. Mmoja alisema buluu, mwingine akasema zambarau, mwingine nyekundu, wakakaribia kushikana mashati. Feisal, aliyekuwa nahodha na mwenye kichwa cha kupima mambo, alikuja na wazo ambalo mpaka leo naliona la busara. Kila jioni matangazo yalifunguliwa kwa wimbo wa taifa na bendera ikipepea. Rangi za bendera tunazijua, alisema. Basi tutazame kijivu cha kila mlia wa bendera, tukilinganishe na kijivu cha fulana.

Nikapewa kazi hiyo mimi, mkaa karibu na kioo. Jioni zote za juma lile nilisubiri bendera huku wenzangu wakinililia dirishani niseme ninaona nini. Nyeusi niliiona. Nyeupe niliiona. Lakini nyekundu na kijani, nilipotazama kwa makini mpaka macho yakatoa machozi, zilikuwa kijivu kimoja. Sikuweza kuzitenganisha, na kijivu hicho ndicho kilichokuwa cha fulana. Niliwaambia hivyo na wakanikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyeichora bendera. Bado nakumbuka mshangao wangu. Nilitoka nje nikatazama ua jekundu la mama kwenye kopo lake na majani yake ya kijani, nikajiuliza inawezekanaje vitu viwili vilivyo mbali hivi viwe kitu kimoja ndani ya lile sanduku.

Basi akaulizwa Mjomba. Hapakuwa na haja ya bendera wala televisheni; mtu aliyesimama pale uwanjani alikuwa mbele yetu na kikombe chake cha kahawa. "Mjomba," Feisal akasema, "wale wavaa nyekundu au chanikiwiti?" Chanikiwiti ndilo neno la wazee wetu la kijani, na Feisal alilipenda kwa sababu bendera za maulidi mtaani kwetu zilikuwa za rangi hiyo. Mjomba alikipuliza kikombe chake. Alikunywa kahawa, akatazama kichochoroni, akauliza, "Nyinyi wenyewe mwaonaje?"

"Mimi naona chanikiwiti," Feisal akasema.

"Basi umeona sawa," Mjomba akasema. "Chanikiwiti."

Ndiyo sababu ya ile harufu uani. Fulana zilitoka kijani cha kupendeza, zikaanikwa darini, na siku ya mechi Feisal na wenzake walizivaa wakapita nazo mitaani kwa kuzunguka njia ndefu ili waonekane. Wasichana hatukwenda kiwanjani, lakini habari iliwahi kufika kabla ya wachezaji. Watoto wa Makadara walipowauliza wao ni timu gani, Feisal alilitaja jina kwa majivuno. Mtoto mmoja wa kule akakimbia kwao akarudi na ukurasa wa gazeti la Kizungu, wa rangi, ambao ndugu yake alikuwa ameubandika ukutani. Timu nzima ilikuwa imepigwa picha ikiwa imesimama, na fulana zao zilikuwa nyekundu kama damu. Mechi ilichezwa na sisi tulishinda, lakini hakuna aliyekuja kutuambia matokeo. Kilichokuja nyumbani ni ile picha, maana Feisal aliiazima kwa kuapa kuirudisha, akaileta mpaka barazani na kuiweka magotini pa Mjomba.

Nilikuwa dirishani, ndani ya nondo. Mjomba aliitazama ile picha kwa muda mrefu kupita kiasi. Watu wazima walikuwapo pia, maana saa ya kahawa ilikuwa imefika. Nilingoja aseme kitu, chochote, kwamba mwaka ule walivaa nguo nyingine, kwamba Wazungu wamebadilisha. Alisema tu, "Labda nimesahau." Mzee mmoja akacheka akasema mtu anaweza kusahau matokeo, anaweza kusahau jina la mlinda lango, lakini mtu gani atasimama mbele ya fulana nyekundu kwa saa mbili na asahau kuwa ni nyekundu? Mwingine akasema kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa mbaya, kwamba mabaharia wote wana hadithi zao. Hapo nikaelewa kilichokuwa kinaondoka. Fulana zingeweza kutiwa rangi upya. Neno la Mjomba lilikuwa limevunjika mbele ya watu, na katika mji mdogo kama wetu mtu huishi kwa neno lake.

Toka siku ile akaitwa Chanikiwiti. Mji wa Kale ukikupa jina, huna pa kulirudisha, utazikwa nalo. Hata shehena ikichelewa kule maghalani watu walisema, "Muulizeni Chanikiwiti, naye atawaambia imefika." Yeye aliitika jina hilo kwa kicheko, kama alivyocheka juu ya nyanya. Lakini hadithi za Ulaya zilikoma. Mpira ulipoonyeshwa alikuwa na udhuru wake, mara lori limeharibika, mara kichwa kinamgonga. Feisal akahamia timu nyingine. Mimi ilinikaa rohoni kwa sababu hesabu haikunijia. Kama hakwenda, ile harufu ya vitunguu aliipata wapi? Nani alimwambia kwamba mtu anaweza kushushwa ngazi bila kutembea? Mwongo mzuri angeuliza rangi kwanza, maana ndicho kitu cha kwanza atakachoulizwa. Niliuma ukucha kwa swali hilo miaka mingi, kisha maisha yakanipa mengine ya kuuma.

Sasa niruke mpaka mwaka huu. Kitinda mimba wangu, Salim, alipewa kazi shuleni ya kupaka rangi bendera ya taifa. Alipaka mweusi sawa, akaacha mweupe sawa, kisha milia miwili iliyobaki akaipaka yote kijani, tena kwa uangalifu mkubwa, hakuvuka mstari hata kidogo. Mwalimu alidhani ni utundu. Nilipomuuliza, aliniambia penseli zilikuwa zimetoka karatasi zake za majina ya rangi, na kwa macho zote mbili ni sawa. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari, kijana mpole wa Kigiriama, alimwonyesha Salim vitabu vya nukta nukta, akaniambia mtoto hana ugonjwa, ila macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani, na hayatatenganisha. "Hupitia kwa mama," akasema. "Mama hulibeba bila kulijua, akampa mwanawe wa kiume. Kwenu, upande wa mama yako, hakuna mwanamume wa namna hii? Kaka yake, labda?"

Nilikaa kwenye kiti kile nikacheka mpaka daktari akaniangalia kwa wasiwasi, kisha nikagundua kwamba nilikuwa nalia. Nyanya mbichi. Wachuuzi wa kumchagulia. "Nyinyi wenyewe mwaonaje?" Miaka yote hiyo nilikuwa nimeona kwa macho yangu, jioni baada ya jioni mbele ya ile televisheni, jinsi dunia ilivyokuwa kwa Mjomba Athmani, na sikujua ninachotazama.

Mjomba yu hai. Anakaa Tudor kwa binti yake, kwenye ghorofa ya pili, mguu mmoja unamsumbua lakini akili ni nzima. Jumamosi iliyofuata nikamchukua Salim tukaenda. Tulimbusu mkono, tukaulizana hali za nyumba nzima mpaka za paka, kisha nikamweleza habari ya bendera. Hakushangaa. Alimvuta Salim karibu yake kwenye kochi akamwuliza, "Na wewe hukumwambia mtu?" Salim akasema hakujua kuwa kuna cha kuambia.

"Mimi nalijua," Mjomba akasema, sasa akinitazama mimi. "Nilitaka kazi ya juu melini, ya kushika usukani. Wakanionyesha taa mbili gizani, wakaniuliza ipi nyekundu. Nikakisia, nikakosea. Wakanambia nenda jikoni. Nilipoacha bahari nikapata lori. Taa za barabarani kisiwani zilikuwa chache, nikashika kwamba ya juu ni ya kusimama na ya chini ni ya kwenda. Sasa lau siku ile barazani ningesema kwa nini nimekosea, asubuhi yake nani angenipa ufunguo wa gari? Nilikuwa na mama, nilikuwa na watoto. Nikaona bora niitwe mwongo."

Nilimwambia kwamba mimi sikuwahi kuamini kuwa alikuwa mwongo. Hiyo haikuwa kweli kabisa, lakini ilikuwa karibu na kweli. Nikamwambia pia kwamba kama angekuwa na kitu, tiketi, picha, kitu chochote cha kuonyesha, watu wangenyamaza.

"Nalikuwa nacho," akasema. "Nje ya uwanja palikuwa na mzee amening'iniza mkononi zile za kujifunga shingoni, za sufu, za milia. Nikanunua moja nikamletea mama, bibi yako, zawadi. Mama akacheka, akasema Mombasa hii baridi ya kuvaa kitu hiki itoke wapi. Akaifanya ya kushikia sufuria."

Ile ile ya jikoni kwetu. Niliiona, imekunjwa mara mbili, mikononi mwa mama, ikiitua sufuria ya rangi ya kijani chini.

"Ningewaonyesha," akaendelea, "lakini sikujua ingenitetea au ingenimaliza kabisa. Na kumwuliza mtu rangi yake pia sikuweza." Aliunyoosha mguu wake unaomsumbua. Televisheni ya binti yake, nyembamba, pana nusu ya ukuta, ilikuwa inaonyesha Timu ya Mjomba ikicheza dakika ile ile kule kule Uingereza, kila unyasi unahesabika, jasho la wachezaji linang'aa. Wapinzani wao siku hiyo walivaa kijani. "Wewe ulikuwa ukiishika kila siku," akaniambia. "Ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu, Mjomba. Nyekundu na nyeupe."

Alitikisa kichwa polepole, akalirudia neno hilo kwa sauti ndogo, akaegemea kochi. Nilimwona akifuta jicho kwa ncha ya kikoi na nikatazama pembeni. Salim alikuwa ameegemea bega lake, macho kwenye kioo, amekunja uso.

"Babu," akauliza, "wetu ni wepi?"

"Usitazame rangi," Mjomba akamwambia. "Tazama wanakokwenda. Wetu wanakwenda upande wa dirisha. Wakishapumzika watageuka. Nitakwambia."